Mwamba wa timu yako ya Pokémon: maswali tunayoulizwa zaidi hapa Mbeya

Jumapili mchana, ibada zikishaisha, tunakutana Soweto kwenye sebule ya rafiki yetu kucheza Pokémon, gemu ya kupambanisha viumbe wa aina kama Maji, Moto na Mwamba. Zipo mashine mbili za gemu za Switch, wengine wanatumia simu. Wageni wakija, karibu wote wanataka kiumbe wa aina ya Mwamba. Nawaelewa. Mtaani ukimwita mtu mwamba umemsifia, na ukiinua macho hapa mjini unaona Mlima Loleza umesimama pale kila siku. Lakini mwamba huohuo ndio wa kwanza kuanguka kwenye mechi zao, na maswali yanaanza. Nimeyaandika hapa na majibu yake, yale tunayorudia kila wiki. Majina ya viumbe na mapigo nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, ili usipotee ukiyatafuta.

Mbona mwamba wangu anakufa haraka, na anaonekana mgumu kuliko wote?

Kwa sababu ugumu wake uko upande mmoja tu. Kila kiumbe ana ulinzi wa aina mbili: wa kuzuia mapigo ya mwili, yaani ngumi, mateke, kugongwa, na ulinzi maalumu, wa kuzuia mapigo yanayorushwa kama wimbi la maji, umeme au moto. Mchukue Golem. Ulinzi wake wa mwili ni 130, ule maalumu ni 65, nusu kamili. Sasa fikiria ni nani wanaomwinda: viumbe wa Maji na wa Majani, ambao mapigo yao mengi makubwa ni yale maalumu. Wanampiga palepale penye ukuta mwembamba.

Halafu Golem ni Mwamba na Ardhi kwa pamoja, na kila moja ya aina hizo huumizwa maradufu na Maji na Majani, kwa hiyo pigo la Maji linamwingia kwa nguvu mara nne. Surf moja tu, pigo la wimbi la Maji, inatosha. Hata ungempandisha levo kumi zaidi ya mpinzani, bado ungekuwa na wasiwasi.

Mwamba peke yake una udhaifu kwa aina tano: Maji, Majani, Mapigano, Ardhi na Chuma. Aina nyingine yenye udhaifu mwingi hivyo ni Majani tu. Ndiyo maana nasema kila wiki, na nitaendelea kusema: usimchague mwamba kwa sura. Mchague kwa kujua anakuja kufanya kazi gani na nini kitamuua, kisha umtafutie wa kumlinda.

Nitakumbukaje nani anamshinda nani?

Angalia nchi yetu. Ukifika Isimila, kule Iringa, utaona zile nguzo ndefu zilizosimama bondeni. Hazikuchongwa na mtu. Maji ndiyo yaliyokula udongo na mawe kwa miaka mingi sana, zikabaki zile. Maji yanaushinda mwamba. Mzizi wa mti ukiingia kwenye ufa wa jiwe utalipasua: Majani yanaushinda mwamba. Akina mama wanaoponda kokoto kando ya barabara wanatumia nyundo: Chuma kinaushinda. Ardhi ikitetemeka, mawe yanaporomoka. Ngumi za aina ya Mapigano nazo unazijua, wale wapiganaji wanaovunja tofali kwa mkono mtupu.

Na kwa Chuma nina mfano ninaoupenda zaidi. Kimondo cha Mbozi, kile cha takribani tani 16, watu wengi hukiita jiwe kubwa lililotoka angani. Ukweli ni kwamba ni chuma, chenye nikeli ndani yake. Kingekuwa kwenye gemu kingekuwa adui wa Mwamba, siyo ndugu yake.

Upande wa kushinda nao uko nyumbani. Manati na jiwe, ndege anaanguka. Mdudu unamponda kwa jiwe. Barafu unaivunja kwa jiwe. Na moto? Mafiga yanakaa motoni miaka na miaka, moto unazima yenyewe yamebaki. Kwa hiyo Mwamba anawapiga vizuri Ndege, Wadudu, Barafu na Moto.

Nianze na nani?

Garganacl. Ukiwa na Scarlet au Violet, gemu zilizotoka Novemba 2022, sitakupa jibu lingine.

Ni kiumbe wa chumvi, Mwamba mtupu bila aina ya pili, kwa hiyo hana udhaifu wa mara nne popote. Unaanza na Nacli mdogo, levo ya 24 anakuwa Naclstack, levo ya 38 anakuwa Garganacl. Ili abadilike huhitaji mchezaji wa kubadilishana naye viumbe, wala kifaa maalumu. Ana damu (uhai wake, HP) 100, ulinzi wa mwili 130, ulinzi maalumu 90. Ulinganishe huo 90 na 65 wa Golem.

Uwezo wake unaitwa Purifying Salt. Ukiuchagua huo, hawezi kulazwa usingizi, kutiwa sumu, kuunguzwa wala kupooza, na mapigo ya aina ya Mzimu yanamwumiza nusu tu. Pigo lake kuu ni Salt Cure. Likikupata linakuumiza kidogo, halafu kila zamu linakula sehemu moja ya nane ya damu yako yote mpaka utoke uwanjani. Ukiwa wa Maji au wa Chuma linakula robo. Yaani wale wale wanaokuja kumuua ndio wanaoteseka zaidi! Maji akija kwa kujiamini, zamu tatu nne baadaye hayupo, mradi Garganacl asimame hizo zamu. Na kusimama anaweza, kwa sababu ana Recover inayomrudishia nusu ya damu, pamoja na Protect ya kujikinga zamu moja huku chumvi ikiendelea kumla mwenzake.

Seti ninayowapa wanaoanza ni Salt Cure, Recover, Protect, na nafasi ya nne Body Press. Hilo Body Press hutumia ulinzi wako badala ya nguvu zako, na linamfikia Chuma. Ukizoea unaweza kuondoa Protect ukaweka Iron Defense. Kwenye kubadili aina kwa Terastal, mimi hupenda kumfanya awe wa Maji: udhaifu wake unashuka kutoka mitano hadi miwili, Majani na Umeme.

Kasoro anayo. Kasi yake ni 35, atapigwa kwanza karibu kila mara. Na ni kiumbe wa kungoja. Kama unapenda mechi ya dakika mbili, utachoka naye kabla hajakuonyesha uzuri wake.

Tyranitar bado ni mzuri, au ni sifa za zamani tu?

Bado. Alianza kwenye gemu za Gold na Silver mwaka 1999 na mpaka leo watu wanampanga wakijua atatoa kitu. Jumla ya takwimu zake ni 600, nguvu 134, ulinzi 110, ulinzi maalumu 100. Akiingia tu anainua dhoruba ya mchanga kwa uwezo wake wa Sand Stream.

Dhoruba hiyo ndiyo sababu ya kumchukua. Tangu Diamond na Pearl za 2006, kiumbe yeyote wa Mwamba akiwa ndani ya dhoruba ulinzi wake maalumu unaongezeka kwa nusu. Ule ukuta mwembamba niliousema mwanzo unapigwa plasta. Mpe na vazi la Assault Vest, inayoongeza nusu nyingine juu ya hapo lakini inamnyima mapigo yasiyoumiza, na ulinzi wake maalumu unafika zaidi ya mara mbili ya kawaida. Nimemwona akila pigo la Maji la kiumbe mkubwa akabaki amesimama, sebule nzima ikanyamaza.

Sasa upande wa pili. Yeye ni Mwamba na Giza, na hizo mbili zote zinavunjwa na Mapigano. Mara nne. Close Combat moja, pigo la Mapigano, kwaheri. Dhoruba nayo haibagui, inakula sehemu moja ya kumi na sita ya damu ya kila asiye Mwamba, Ardhi au Chuma, wakiwemo wenzake wa timu. Inadumu zamu tano, au nane akishika Smooth Rock.

Kumpata kunahitaji subira: Larvitar anabadilika levo ya 30 kuwa Pupitar, na Pupitar anasubiri hadi 55. Porini Larvitar yuko kwenye Scarlet, hayuko kwenye Violet. Mwenye Violet atafute wa kubadilishana naye.

Onix je? Ni mrefu mita 8.8!

Hapana, mdogo wangu. Ulinzi wake wa mwili ni 160, huo ni wa kweli. Ila damu yake ni 35, sawa na Pikachu, na nguvu zake ni 45, sawa na Pidgey. Alitisha kwenye Red na Green za 1996 kwa sababu alikuwa kwa Brock, kiongozi wa kwanza, na waliochagua Charmander hawakuwa na pa kutokea. Ukimpenda mfanye Steelix, kwa kumbadilishana akiwa ameshika Metal Coat, lakini hapo si wa Mwamba tena, ni Chuma na Ardhi.

Graveler wangu ana levo 60 na bado hajawa Golem. Gemu imeharibika?

Haijaharibika. Graveler habadiliki kwa levo, anabadilika kwa kubadilishwa: unampa mwenzako, anakuwa Golem akifika kwake, anakurudishia. Boldore anakuwa Gigalith hivyohivyo. Rhydon anakuwa Rhyperior akibadilishwa huku ameshika Protector. Isipokuwa kwenye Legends: Arceus ya 2022, ambako kuna kifaa kiitwacho Linking Cord kinachofanya kazi hiyo kwa Graveler bila mtu wa pili.

Na hili wengi hawalijui: kubadilishana mkiwa pamoja, Switch mbili chumba kimoja, hakuhitaji kulipia huduma ya mtandaoni ya Nintendo. Panda daladala kutoka Uyole uje. Ila umbadilishe na mtu unayemwamini. Mimi niliwahi kumpa mtu Rhydon niliyemlea miezi, akazima mashine akaondoka. Sijamwona tena, si yeye wala Rhydon. Tangu siku hiyo kwetu hakuna anayebadilishana bila mtu wa tatu kuangalia.

Kati ya hao watatu, Rhyperior ndiye anayestahili safari. Nguvu 140, damu 115, na uwezo wa Solid Rock unaopunguza robo ya maumivu ya pigo lolote linalomwingia kwa udhaifu. Maji na Majani bado yanamwingia mara tatu badala ya nne, kwa hiyo usijisahau.

Stealth Rock ni pigo gani? Naona kila mtu analo.

Hilo ni pigo ambalo halimpigi mtu siku unapolitumia. Linatawanya mawe makali yanayoelea upande wa mpinzani, na kila kiumbe anayeingia uwanjani anakatwa. Kiasi anachokatwa kinategemea jinsi aina yake inavyoumizwa na Mwamba. Wa kawaida anapoteza asilimia 12.5 ya damu yote, mwenye udhaifu 25, mwenye udhaifu wa mara nne 50. Charizard ni Moto na Ndege, kwa hiyo anaingia uwanjani nusu mfu kabla hujamgusa. Mwingine kama huyo ni Volcarona.

Tangu pigo hili lije mwaka 2006 limebadilisha namna watu wanavyopanga timu. Mpaka likazaa viatu vyake: Heavy-Duty Boots, vya mwaka 2019, anayevivaa hakatwi. Mpinzani pia anaweza kuyafagia mawe kwa Rapid Spin au Defog.

Wa kuyatupa nampendekeza Glimmora, Mwamba na Sumu. Anatoka kwa Glimmet levo ya 35. Huyu ni kinyume cha miamba mingine: nguvu zake ziko kwenye mapigo maalumu, 130, na kasi ni 86, ambayo kwa Mwamba ni mbio. Ukimpiga kwa pigo la mwili, uwezo wake wa Toxic Debris unamwaga miiba ya sumu upande wako. Mpange wa kwanza, aweke mawe, apigwe, amwage sumu, afe. Kazi yake imeisha na mechi imekaa upande wako. Wanaoanza hulia wakimwona ameanguka zamu ya pili. Asilie mtu, ndicho alichokuja kufanya. Muogope zaidi Ardhi, maana hiyo inamwingia mara nne, na Earthquake ya zamu ya kwanza inaweza kumzimisha hajafanya lolote.

Stone Edge au Rock Slide?

Stone Edge ina nguvu 100 na inapata mara 80 katika 100. Rock Slide ina nguvu 75, inapata mara 90, na ina nafasi ya 30 katika 100 ya kumshtua mpinzani asipige zamu hiyo.

Mechi za wawili kwa wawili, chukua Rock Slide bila kufikiria, kwa sababu inawapiga wapinzani wote wawili, ingawa nguvu yake inapungua kidogo ikigawanywa. Mechi za mmoja kwa mmoja, hapo watu hubishana. Mimi nilishika Stone Edge kwa miaka, kisha ikakosa mara mbili mfululizo mbele ya Moto ambaye pigo moja lingemmaliza, na mechi ikaenda. Hesabu ni hiyo: katika kurusha tano, tegemea moja ipotee. Kama timu yako haina nafasi ya kukosa hata mara moja, usiishike. Mwenye nguvu kubwa kama Rhyperior anaweza kuua kwa Rock Slide pia.

Rock Tomb ni dogo, nguvu 60, lakini linapunguza kasi ya anayepigwa. Linafaa kwa mwamba mzito anayemfungulia njia mwenzake.

Niweke miamba mingapi kwenye timu?

Mmoja. Wawili ukijua vizuri unachofanya. Miamba watatu ni kumpa mpinzani wa Maji zawadi, atakaa uwanjani mechi nzima.

Kilicho muhimu kuliko idadi ni nani wamesimama naye. Chungu hakikai kwenye figa moja. Mafiga yangu matatu ninayowaonyesha wageni ni Garganacl, Amoonguss na Corviknight, na nakuomba uichunguze hesabu yake taratibu.

Garganacl anaogopa Maji, Majani, Mapigano, Ardhi na Chuma. Amoonguss, yule uyoga wa Majani na Sumu, anayapokea Maji na Mapigano kwa nusu, na Majani kwa robo. Corviknight, ndege wa chuma, hafikiwi kabisa na Ardhi, Chuma kinamgusa nusu, na Majani kwake ni robo tu. Udhaifu wote mitano umefunikwa na watu wawili. Sasa geuza. Amoonguss anaogopa Moto, Barafu, Ndege na wa akili, wale walioandikwa Psychic. Watatu wa kwanza ni chakula cha Mwamba. Corviknight anaogopa Moto na Umeme. Moto, tena, unaenda kwa Mwamba. Kila mmoja analipa deni la mwenzake.

Unapoona pigo baya linakuja, usimwache Garganacl alipokee. Mtoe, mwingize anayelipokea vizuri. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanadhani kumtoa mtu uwanjani ni kushindwa. Zamu moja ya kumtoa ni bei ndogo kuliko mwamba aliyekufa. Nafasi tatu zilizobaki ni zako, ila hakikisha mmoja ana kasi na mmoja anaweza kumpiga Psychic.

Miamba karibu wote ni wazito. Nifanyeje na kasi?

Geuza uzito uwe faida. Pigo la Trick Room linapindua utaratibu kwa zamu tano, mzito anaanza. Gigalith wa kasi 25 na Rhyperior wa 40 wanakuwa wa kwanza kupiga kwa nguvu zao zote. Hatterene anaweza kukuwekea.

Au chukua mwamba mwenye mbio. Lycanroc wa mchana ana kasi 112, na akiwa na uwezo wa Sand Rush ndani ya dhoruba ya Tyranitar kasi hiyo inakuwa mara mbili. Aerodactyl ana 130. Ulinzi wa hawa ni mdogo, wachukulie kama mshale, si ngao.

Sina Switch. Nina simu tu.

Wengi wetu tulianza hivyo. Ipo Pokémon Showdown, inachezwa bure kwenye kivinjari cha simu, unapanga timu yoyote papo hapo bila kukamata wala kulea mtu. Kila nilichoandika kuhusu Garganacl unaweza kukijaribu leo jioni, na hailambi bando kama video. Kama hutaki kupanga, chagua mechi za bahati nasibu, inakupa timu yenyewe. Umeme ukikatika simu bado ina chaji.

Pokémon GO ni hesabu tofauti. Udhaifu ule ni mara 1.6, si mbili, na huko mwamba wa kushambulia ni Rampardos mwenye Smack Down na Rock Slide. Anakufa upesi ila anaumiza kweli, hasa dhidi ya Ho-Oh na Moltres ambao ni Moto na Ndege. Hali ya hewa ya kweli inahesabiwa: gemu ikionyesha mawingu kiasi, mapigo ya Mwamba yanaongezeka kwa asilimia 20. Mvua inawaongezea nguvu wa Maji, kwa hiyo mwenzangu wa Tukuyu, miezi yako ya mvua mpumzishe kidogo mwamba wako.

Naweza kuleta timu yangu mkaiangalia?

Karibu. Kabla ya kuja, cheza mechi kumi na uandike kwenye daftari mambo mawili kwa kila mechi: mwamba wako aliuawa na pigo gani, na nani alikuwa amekaa benchi wakati huo. Ukija na karatasi hiyo tutaanza moja kwa moja kutafuta figa linalokosekana.